Bi Vioo, Aliyekataa Vidonge Mpaka Jumanne

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi naye, asanteni kwa kufika kumsindikiza mama, bibi na mwalimu wetu, ambaye karibu kila mtu hapa alimjua kwa jina la Bi Vioo. Aliwahi kuagiza kwamba siku hii ikifika pasisomwe mambo marefu, wala asisingiziwe utakatifu. Tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa fundi seremala na mkewe, mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia mpaka alipofinywa, na baada ya hapo hakunyamaza tena. Utotoni alikuwa na tabia ya kupasua kila kitu aone ndani kuna nini: maganda ya maharage, panzi, na siku moja saa ya baba yake. Kwa saa alichapwa. Kwa panzi hakuna aliyelalamika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1969 akajiunga na chuo cha udaktari. Alipohitimu, wenzake wengi walikimbilia upasuaji na magonjwa ya watoto. Yeye alichagua chumba cha chini kabisa hospitalini, kwenye darubini, vinakochunguzwa vipande vya nyama vinavyotolewa katika miili ya wagonjwa. Baba yake hakuelewa.

"Yaani umesoma miaka yote hiyo ili usionane na wagonjwa?"

"Nitaonana nao, baba," akajibu. "Ila kwa ndani."

Mwaka 1978 alipelekwa ng'ambo kubobea katika uvimbe wa ubongo. Alirudi mwaka 1981, na tangu siku hiyo hadi alipostaafu alifanya kazi katika chumba kilekile, chenye sinki lililogeuka zambarau kwa rangi za maabara na simu ya ukutani iliyounganishwa moja kwa moja na chumba cha upasuaji.

Ni vizuri kueleza kazi yenyewe, maana wengi wetu tulimwona akitoka asubuhi na kurudi jioni bila kujua anafanya nini. Mpasuaji akishafungua fuvu la mgonjwa, alichukua kipande cha uvimbe kidogo kama punje ya mchele na kukituma chini. Bi Vioo alikibana katikati ya vioo viwili vyembamba, akakipaka rangi na kukiweka chini ya darubini. Huko juu mpasuaji alisubiri, mgonjwa amelala, kichwa kiko wazi. Jibu la Bi Vioo ndilo lililoamua akate zaidi au afunge.

"Bi Vioo, fanya haraka basi, nimesimama huku kama sanamu!" mpasuaji alizoea kulalamika kwenye simu.

"Simama. Huo ubongo si wako."

Hakuwahi kutoa jibu kwa kuharakishwa, na hakuwahi kuuonea aibu msemo wake aliousema mara nyingi kuliko yote: "Bado sijajua."

Miaka ya tisini alianza utafiti ambao wanafunzi wake wanauendeleza hadi leo. Aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa walioonyesha uvimbe waziwazi kwenye picha walikuwa wakichukuliwa kipande, na kipande hicho hakionyeshi chochote. Walirudishwa nyumbani kwa furaha. Baada ya miezi michache walirejea hali zao zikiwa mbaya zaidi. Alifungua makabati ya hospitali na kuvipitia upya vioo vya miaka mingi, kimoja kimoja. Akaona jambo ambalo wenzake wa nchi nyingine walikwisha kuliandika, lakini hapa hatukuwa tukilizingatia: wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamepewa kwanza dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo na maumivu. Ipo saratani moja ya ubongo, iitwayo limfoma, ambayo dawa hiyo huiyeyusha kwa muda. Maumivu yanapungua, mgonjwa anashukuru, na ugonjwa unajificha usijulikane jina. Usipojulikana jina, hautibiwi. Ndipo alipoanza kuwafundisha madaktari wadogo: kipande kwanza, vidonge baadaye, isipokuwa mgonjwa akiwa hatarini, hapo apewe mara moja, kwa sababu uhai unatangulia.

Alikuwa ameolewa tangu mwaka 1976 na fundi baiskeli mwenye kibanda mkabala na lango la hospitali. Kabla ya hapo baiskeli ya Bi Vioo ilikuwa ikipata pancha mara nyingi mno kwa mtu anayekaa karibu na kazi, na rafiki zake wakamshtukia. Walijaliwa watoto watatu. Mzee wetu hupenda kusema kwamba katika ndoa yao yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na watu na mkewe akizungumza na chembechembe, na ndiyo maana hawakugombania wageni.

Mwezi Mei mwaka 2015, akiwa tayari amestaafu lakini bado anafundisha, Bi Vioo alianza kuumwa kichwa na kukosea maneno. Aliita kijiko "kile cha kukorogea", akacheka. Siku ya pili aliita mlango "kile cha kutokea". Hakucheka. Picha ilionyesha uvimbe ndani kabisa ya ubongo, na kila daktari aliyeiona aliwaza saratani ile mbaya zaidi, ambayo wengi huondoka nayo kabla ya miaka miwili. Ilikuwa Ijumaa. Nafasi ya kuchukua kipande ilikuwa Jumanne. Mpasuaji, mwenzake wa siku nyingi, akamwandikia dawa ileile ya kupunguza kuvimba.

"Sizimezi," alisema Bi Vioo. "Huenda ni limfoma."

"Huenda. Na huenda siyo. Lakini sikiliza, dada yangu: ukianza kusinziasinzia au kutapika, nakupa bila kukuuliza."

"Hapo nitakubali. Kabla ya hapo, hapana."

Akarudi nyumbani, mumewe akiwa na pakiti ya vidonge mfukoni mwa shati. Kichwa kilimuuma hata asiweze kuvumilia pazia likiwa wazi. Mzee alikaa kando ya kitanda akibembeleza.

"Mke wangu, kimoja tu. Mimi tairi likivuja naziba, siulizi maswali."

"Na ukiziba msumari ungali ndani?"

Mzee akarudisha pakiti mfukoni. Alijua amepigwa bao.

Jumapili asubuhi, binti mkubwa alishindwa kuvumilia kilio cha mama yake. Alisaga kidonge, akakikoroga kwenye chai yenye sukari nyingi na kumpelekea. Yeye mwenyewe ameomba jambo hili lisomwe. Mama alipiga funda moja, akalitema kwenye sahani ya kikombe.

"Chai hii chungu. Umetia nini?"

Binti akaanza kulia. "Mama, unakufa na dawa iko hapa!"

"Mwanangu, nakuona. Ila hapo unanipenda vibaya. Nikifa bila kujua ugonjwa gani umeniua, miaka yote hii nilikuwa chini kule nafanya nini? Njoo. Nishike kichwa, bana hapa. Kwa nguvu."

Binti alimshika kichwa hivyo mpaka mchana. Kati ya siku hiyo na Jumanne hakula wala kulala vizuri, akihofu kwamba hata tone lililobaki ulimini limetosha kuuficha ugonjwa. Bi Vioo alimwambia mpasuaji kila kitu kabla ya kulazwa mezani, bila kumtaja mtu: "Nimeonja kidogo, kwa bahati mbaya."

Jumanne, chumba cha chini kilikuwa mikononi mwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikibana kipande cha mwalimu wake katikati ya vioo viwili, akakipaka rangi. Juu walisubiri. Simu kutoka chini ikalia, na mpasuaji akatoka mwenyewe hadi kwenye korido walikoketi mzee na binti yake.

"Chembe za ugonjwa zipo, tele," alisema. "Ni limfoma. Hii tunaijua, na ina dawa."

Binti aliketi sakafuni. Mzee akatoa vile vidonge mfukoni na kuuliza kwa adabu, "Sasa anaruhusiwa?"

"Sasa anaruhusiwa, mzee."

Bi Vioo alipopata nguvu aliomba aletewe darubini kitandani. Alichungulia kwa muda mrefu ugonjwa wake mwenyewe. "Mzuri wa kufundishia," akasema. "Msikitupe kioo hiki." Alitibiwa kwa dripu za dawa kali, awamu baada ya awamu, na mwaka uliofuata picha yake ilikuwa safi. Maneno yakarudi, na mengine ambayo tungefurahi yangebaki hukohuko. Aliendelea kufundisha, aliwaona wajukuu wawili wakihitimu, na saratani haikurudi tena.

Moyo ndio uliochoka, mwaka huu wa 2024. Alichokiogopa siku zote ni akili kumtangulia kuondoka, na hilo halikutokea. Tarehe 14 Agosti, saa nane mchana, nyumbani kwake, alimwita kila aliyekuwamo chumbani kwa jina lake, akarekebisha kipimo cha dawa alichokosea muuguzi. Mumewe akamuuliza kama kichwa kinauma.

"Hakiumi hata kidogo," alisema. Baada ya hapo akalala, hakuamka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, ndugu wawili, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu. Mwaka 2015 tulikwisha kujiandaa kumzika. Leo tunamzika baada ya miaka tisa ambayo yeye mwenyewe aliipigania kwa kukataa nafuu ya siku nne. Kwa hiyo mkimwona binti yake mkubwa anatabasamu makaburini, msimshangae. Alale salama mama yetu, ametuacha mioyo yetu imetulia.