Bibi wa Marcelino Hayumo Kitabuni

Pale Ipogolo, malori yanapopumzika kabla ya kuukwea mlima wa kuingia Iringa mjini, palikuwa na benchi la mkaratusi mbele ya kibanda cha Lea, mjane aliyeuza kahawa ya tangawizi. Julai ya mwaka hamsini na tano ilikuja na upepo wa kukata masikio, na wenye benchi lao walikaa wamebanana kama kuku walionyeshewa. Kulikuwa na Mzee Kalinga, aliyepigana vita vya Mfalme kule Burma akarudi na goti bovu na jina la Bama. Kulikuwa na Sedekia wa Igowole, muuza tumbaku, ambaye kila ukurasa wa kufungia tumbaku aliusoma kwanza. Huyo aliitwa Gazeti. Wa tatu alikuwa Marcelino fundi viatu, yaani Soli. Jumapili hiyo Marcelino alitoka misa akaja akaketi bila kumsalimu mtu. Kahawa aliyopewa hakuinywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama anayeota moto.

— Kamwene, Soli, Bama akasema. Umefiwa?

— Sijafiwa. Mtoto karudishwa kutoka shule.

— Verediana? Lea akageuka na birika mkononi. Mtoto mpole vile, kafanya nini?

— Kasema.

Akawaeleza kwa sauti ya chini. Ijumaa lilikuwa somo la Historia. Mwalimu Liberatus alikuwa akiwasomea darasa la sita habari za Mtwa, mtawala wa Wahehe, yule ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga kutoka Ulaya mwaka uliopita kwa ngoma na hotuba. Akasoma kwamba enzi zile majirani wote walikaa kwa raha chini ya mkono wa Uhehe, wakija wenyewe kwa hiari yao. Verediana akanyoosha kidole. Akasema bibi wa baba yake hakuja kwa hiari. Alitekwa Ubena akiwa mtoto, akavishwa kamba shingoni, akaletwa kulima mashamba ya watu. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimchapa, akamwambia asirudi mpaka aje na baba yake, asimame mbele ya wenzake aseme alisema uongo.

— Lini? Lea akauliza.

— Kesho.

Bama akatema mate pembeni.

— Soli, usinichukie, lakini mtoto kakosea. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba Mtwa alikuwa mnyang'anyi na Mjerumani ndiye aliyetuletea mwanga. Nilikariri, nikapigiwa makofi! Leo tumepata ukurasa mmoja wa kwetu, mtoto wako anautoboa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ukuta tumejenga, sasa yeye anatafuta ufa!

— Ukurasa wa kwetu? Gazeti akadakia. Nani kakudanganya? Mjerumani akiandika, Mtwa mwizi. Mwingereza akiandika, Mtwa shujaa. Kwa nini? Kwa kuwa Mtwa alimpiga Mjerumani, na Mjerumani ni adui yake Mwingereza. Angempiga Mwingereza, fuvu lingekuwa bado kabatini huko Ulaya linakula vumbi.

— Kwa hiyo mtoto kasema kweli?

— Sijasema hivyo. Nasema kitabu hicho si chenyewe. Sikilizeni. Gazeti akainama, akashusha sauti. Pale bomani kuna vitabu viwili. Kimoja cha watoto wetu, kingine kina kufuli. Cha kufuli ndicho chenye mambo. Mbona kila Bwana DC akihamishwa anaondoka na sanduku la bati?

— Sanduku lile lina viatu, Marcelino akasema. Nimevitia soli mimi.

— Viatu juu, kitabu chini! Imeandikwa kwenye Mithali, mficha uchi hazai.

— Hiyo haimo kwenye Mithali, Lea akasema.

— Basi imo kwenye kile chenye kufuli.

Siku nyingine wangecheka. Bama alikuwa anatazama barabara, na aliposema tena ilikuwa kama anasema na goti lake.

— Mtu mmoja wa machimboni Makongolosi alinambia neno baya. Alisema huko Ulaya mafuvu yetu yalikuwa mengi, hayana majina. Wakayapima kwa uzi, wakachukua lililoelekea kuwa lake. Mimi nilisimama Kalenga siku ile, nikalipigia saluti, machozi yananitoka. Sasa kama nilimpigia saluti mtu mwingine?

— Labda Mbena, Gazeti akasema.

Alikusudia mzaha, lakini neno lilipotoka hata yeye lilimwogopesha. Lea akajifunika kanga yake vizuri.

— Wewe Soli, akasema, achana na mafuvu. Kesho utafanya nini?

Marcelino akainamia kikombe. Alikuwa anamwona bibi yake ameketi kando ya moto, zamani, yeye mtoto amekaa mapajani pake. Bibi alikuwa na mstari shingoni, ngozi ilikuwa laini pale kuliko kwingine, na mtoto Marcelino alipenda kupitisha kidole hapo. Siku moja aliuliza ni nini. Bibi akamwambia: kamba. Akaendelea kuchambua mboga.

— Mimi nililishika kovu lile, akasema. Sikusimuliwa. Kesho nitasimama na mwanangu, nitamwambia mwalimu: kitabu chako nimekisikia, sasa nisikilize na mimi.

Bama akalisugua goti lake. Kisha akakohoa.

— Kwetu, akasema taratibu, babu alikuwa na watu wa kulima. Wengi. Hawakuitwa mateka. Waliitwa watoto wa nyumbani. Nilikua nao, tukala chungu kimoja, na sikuwahi kuuliza kwa nini wao hawana wajomba.

— Aka! Gazeti akanong'ona.

— Nitakwenda na wewe kesho. Nitavaa koti langu la jeshi. Kwa mwalimu, mwenye koti husikilizwa.

Marcelino akamtazama mzee yule. Akanywa kahawa. Ilikuwa imepoa, lakini aliinywa yote.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi dereva wa lori kutoka Mbeya, Anyitike jina lake, akingoja injini ipoe. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo bila kuingia kati, kama ifaavyo mgeni. Sasa akamrudishia Lea kikombe.

— Ndaga, mama, asante. Samahani, wazee wangu. Huyo bibi aliitwa nani?

— Bibi yangu? Marcelino akasema. Tulimwita Bibi.

— Naam. Jina lake, lakini.

— Alibatizwa uzeeni. Padri alimpa Maria.

— Na kabla ya padri?

— Wale waliomleta walimpa jina la Kihehe. Maana yake aliyeokotwa.

— Hilo nalo walimpa, dereva akasema kwa upole. Mimi nauliza la kwao. Alilopewa na mama yake.

Marcelino akakiweka kikombe chini. Akamtazama Bama, Bama akatazama chini. Gazeti, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kukunja karatasi ya tumbaku ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa.

— Kijiji chake je?

Marcelino akatikisa kichwa.

— Sikuuliza kwa ubaya, Anyitike akasema. Ni kwamba kwetu Tukuyu tukimtaja mtu wa zamani, tunaanza na jina.

Akawaaga, akapanda lori lake, akaondoka nalo likinguruma mlimani. Wakabaki wanalisikiliza mpaka mlio ukafa.

— Mwalimu atauliza hilo hilo, Bama akasema mwishowe. Kitabu chake kina majina. Kina miaka pia.

— Najua.

— Lakini koti nitavaa, kama unataka.

— Usijisumbue, mzee.

Lea akaliinamisha birika. Lilitoa mashapo tu.

Marcelino alipofika nyumbani alimkuta Verediana ameifua sare yake na kuianika karibu na moto ili ikauke kabla ya asubuhi. Mtoto akainuka, uso umejaa matumaini.

— Baba, utamwambia?

— Hapana, mama. Utaomba radhi. Mwaka ujao utaingia darasa la saba, kisha kuna mtihani. Utasoma.

Alitegemea mtoto atalia. Hakulia. Alisimama kidogo akiinyoosha sare kwa kiganja, kisha akauliza kwa sauti kavu:

— Nisemeje?

Marcelino akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akaanza kumfundisha maneno ya kusema, neno kwa neno, kama mtoto afundishwavyo sala. Verediana akayafuata nyuma yake, mpaka akaweza kuyasema yote peke yake bila kukosea.