Mapanga Thelathini na Moja na Makufuli Mawili ya Mfereji

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, sisi wakulima wa mfereji mmoja juu ya Kikatiti tunakukaribisha. Utuvumilie tukichungulia barabarani. Kuna mtu tunamngoja.

HISTORIA

Mfereji unanywesha Walutheri juu, Wakatoliki chini. Kiangazi cha mwaka juzi ulikauka hadi vyura wakapanga foleni barabarani kuhamia Usa River. Asiyeamini amuulize mzee Lemomo, aliwahesabu. Watu wakaanza kulinda zamu za maji kwa mapanga. Wawili walikatwa.

Mwinjilisti Anaeli wa Walutheri akakosa raha. Miaka kumi alikuwa ametuhubiria kwamba mtu aache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake, nasi tukaitikia amina, panga chini ya benchi. Jumapili moja akakataa kupokea kapu la sadaka.

"Leteni mapanga kwanza."

"Mwinjilisti, langu ni la kukatia migomba," Lemomo akasema.

"Migomba itangoja, baba."

MAFANIKIO

Yalipatikana mapanga thelathini na moja, akayafungia katika ofisi ya kanisa. Kisha yeye na Pudensiana, katekista wa Wakatoliki, wakatia makufuli mawili kwenye lango la maji, kila mmoja na ufunguo wake. Halifunguki mpaka wafike wote wawili. Tangu hapo hajakatwa mtu.

CHANGAMOTO

Jumanne askari waliokuwa wakitafuta mbuzi wa wizi waliingia ofisini humo.

"Mzee, mapanga yote haya ya nini?"

"Ni sadaka," Anaeli akajibu.

Hakuongopa, na ndicho kilichomponza. Akipandishwa kwenye gari la polisi alikuwa akijipapasa mfuko: ufunguo anao, na Jumatano ni zamu ya chini. Leo Ijumaa maji bado yako juu, mahindi ya chini yamejikunja, na madukani mapanga mapya yamekwisha.

MAOMBI

Mapanga yakae kituoni hata mwaka. Ufunguo nao si kitu. Nyundo ya kuvunjia kufuli imeshaletwa, iko nyuma ya viti hivi, na walioileta ndio waliokupigia makofi zaidi. Tunaomba turudishiwe Anaeli mwenyewe, leo, kwa kuwa hatuna mwingine wa kutuambia tungoje, nasi tukangoja.

Mungu akujalie safari njema, na simu yako ipate mtandao ukiwa bado umeketi hapa.

Ni sisi,
Umoja wa Mfereji Mmoja, Juu na Chini.