Diski Iliyozoea Wenzake

"Hii haijui kulala, mama. Ilikuwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya shirika moja, inapiga kazi usiku na mchana," alisema Masunga, kijana muuza vifaa vya kompyuta, basi letu lilipokwisha kukiacha kijiji cha Ulaya kuelekea Mikumi. Alikuwa ameanza na shikamoo ndefu, na shikamoo ndefu ya muuzaji hunitia wasiwasi.

Mama Odilia, mwalimu wa kwaya, aliipima diski kiganjani. Ile ya kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa inakufa, na nyimbo alizorekodi marehemu mumewe zilibaki humo tu. "Ng'ombe mwenye maziwa, ninyi Wasukuma mnampeleka mnadani?"

"Mama, usinianze! Shirika limebinafsishwa, mashine zote zikatolewa. Za dukani hazioni ndani kwa hii."

"Na ikikosea?"

"Kwenye seva zinakaa nne pamoja. Moja ikiteleza, wenzake wanajazia, hata hujui."

Mama alicheka bila furaha. "Nina mwimbaji wa besi wa hivyo. Katikati ya wenzake ananguruma. Msimamishe peke yake, anameza ubeti." Akaisogeza diski sikioni, kama anayesubiri ianze kuimba. "Sasa kwangu hii itakaa na nani?"

Masunga alitazama dirishani. Breki zililia, abiria wakasimama, na diski ilikuwa bado sikioni kwa mama.

"Tumefika Mikumi," akajibu, na kwa mara ya kwanza njia nzima nilimwamini.