Daftari la Mama Yenu Mdogo

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na ninayotaka kuyasema sina nguvu ya kuyasema mara mbili. Nyumba hii ni yenu wote wawili, hati iko kwenye droo ya kabati la nguo, na asiiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Cherehani mpeni mkwe wangu. Ya mali yameisha. Sasa nisikilizeni kwa habari ya mama yenu mdogo.

Mnamwita mama mdogo, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulikutana chuo cha ualimu, tukalala chumba kimoja miaka miwili, kisha tukapangiwa shule moja, madarasa yaliyopakana, na kati yetu ukuta mmoja tu. Ukuta ule ndio ulionitafuna. Mimi nilijua kufundisha, sijidharau. Maandishi yangu ubaoni yalinyooka kama yamepigwa rula, na darasani kwangu ungesikia nzi akipita. Kwake walikuwa wanacheka. Wanacheka, halafu wanafaulu! Asubuhi watoto walimkimbilia getini kumpokea mkoba. Mimi walinisalimia kwa adabu na kunipisha njia. Hata wewe, kifungua mimba wangu, ulipoanguka uwanjani ukachubuka goti, ulinipita nimesimama mlangoni ukaenda kulilia mapajani kwake. Ulikuwa na miaka saba. Unacheka? Mimi sikucheka siku ile, na sijacheka bado.

Mwalimu mkuu wetu alipostaafu, kila mtu alijua nafasi ile itachukuliwa na mmoja wetu, na mkaguzi akaleta taarifa kwamba atakuja kutupima. Jumatatu ile niliwahi kufika. Daftari lake la maandalio ya masomo lilikuwa kwenye kabati la ofisi ya walimu, limevimba kwa kuandikwa. Nikalichukua, nikalitia mkobani chini ya madaftari ya kusahihisha, nikaenda zangu darasani.

Mkaguzi alipoliulizia, mwenzangu alipekua kabati zima jasho likimtoka. “Nililiacha hapa Ijumaa, mheshimiwa. Nimeliacha hapa hapa.” Mkaguzi akanigeukia mimi. “Mwalimu, wewe ni mwenzake wa miaka mingi. Huwa anaandaa masomo kweli?”

Wanangu, kila Alhamisi jioni alikuwa akiandaa masomo yake juu ya meza yangu mimi, ile ya chakula, ninyi mkicheza chini yake. Nikajibu, “Siwezi kujua, mheshimiwa. Kila mtu na darasa lake.”

Wizi ule naweza kuuelezea. Jibu lile mpaka leo siwezi. Kiti nilikipata mimi. Yeye aliandikiwa kuwa ni mzembe, akahamishiwa shule ya mbali alikokaa miaka sita, na siku anaondoka alinikumbatia akaniambia, “Dada, uwaangalie watoto wangu.” Watoto wenyewe walikuwa wa darasa lake la saba, ambalo sasa nililifundisha mimi, wamebakiza miezi mitano kufanya mtihani.

Ngoja... nipeni maji kidogo. Hapo, yatosha.

Nyumbani nilifungua lile daftari nikitafuta makosa. Pembeni ya kila somo alikuwa ameandika habari za watoto, mmoja mmoja: huyu haoni ubaoni, akae mbele; huyu huja hajala, asiulizwe maswali kabla ya mapumziko; huyu anajua lakini anaona haya, asomewe kazi yake kwa sauti. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikaona kwa nini wanampenda, na wivu ukanizidi maradufu. Nililifunga nikalificha chini ya mashuka. Kutumia maneno yake kungekuwa kukiri kwamba ananizidi, kwa hiyo yule asiyeona ubaoni nikamwacha akae nyuma kabisa, na mimi ndiye niliyejua. Akafeli. Wakafeli kumi na wanne, na nikasimama mbele ya wazazi wao nikasema ni matokeo ya uzembe wa mwalimu aliyepita.

Usiniambie nipumzike, binti yangu, kitinda mimba wangu, wewe ndiwe ninayekuambia haya hasa. Wewe ni mwalimu mkuu sasa. Juzi ulikaa hapo dirishani ukimwandikia taarifa yule mwalimu wako kijana, ukinisomea kwamba hana nidhamu ya kazi. Niangalie. Anachelewa?

“Hapana, Mama.”

Hasahihishi madaftari?

“Anasahihisha.”

Basi ana kosa gani?

“Wazazi wote wanataka watoto wao waende kwake. Kwangu hakuna anayeuliza.”

Haya, umesema mwenyewe, na usilie, kwa sababu ugonjwa huo umeurithi kwangu. Sikuombi uache kuumia. Mimi nimeshindwa, wewe utawezaje? Mama yenu mdogo amenikogesha miguu wiki nzima hii kwa mikono yake, na bado nikiona mnavyochangamka akiingia, moyo unanichoma. Ninachokuomba ni kwamba kuumia kwako kusishike kalamu. Taarifa ile ichane, uandike nyingine ya kweli, leo, kabla hujala.

Daftari liko chini ya godoro hili. Nimemwita aje jioni nimkabidhi na nimwambie kwa kinywa changu. Nikizidiwa, kifungua mimba, mwambie wewe, yote, usipunguze neno kwa kunionea huruma. Barua ya kukiri haya yote kwa ofisi ya elimu nimeshaitia sahihi, nayo ipelekwe hata kama yeye atawaambia muiache. Na mazikoni msiruhusu mtu aseme nilikuwa mwalimu bora. Semeni nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Hiyo ni kweli, inatosha.

Mungu awape kazi ya mikono yenu... awape na macho ya kutazama ya mwenzenu bila... bila kuumia. Awalinde. Mpendane.

Nani huyo getini? Wajukuu wanapiga kelele... “Bibi mdogo! Bibi mdogo amekuja!” Mnasikia? Mimi, bibi yao wa damu, hawajawahi... hata mara moja. Inauma, wanangu. Hata sasa inauma.

Niinueni, niegemezeni kwenye mto. Toa hilo daftari, uliweke hapa, mkononi mwangu.

Mfungulieni.