Theluthi Yangu ni ya Daraja

Bismillahi. Kaeni kitako, wanangu, muache kusimama mlangoni kama watu waliokuja kudai. Wewe Mwanasiti, acha kunipepea, weka chini hicho kipepeo, maana homa hii haijanimaliza na sitaki nimalizwe na mafua. Msafiri, mwanangu wa kwanza, vua hivyo viatu vya Tanga mjini ukae karibu na kichwa changu, usije ukasema kesho kwamba ulisikia nusu. Mwalimu wa chuo cha Kurani yuko pale barazani ametega sikio, yeye ndiye shahidi wangu wa sheria. Na wewe Methusela, mtani wangu, uliyevuka mto toka Kwemkole kuja kuhakikisha kwamba nakufa kweli, kaa kwenye kigoda, kwa sababu kiti changu cha uvivu najua unakitamani na sitaki ukizoee ningali hai. Wewe ni shahidi wangu wa makelele.

Mimi Uweso bin Hatibu nasema haya akili zangu zikiwa timamu, ingawa Methusela atabisha. Nyumba hii, shamba la muhogo na minazi ya bondeni ni mali yenu, mtagawana kama sheria ilivyokwisha kupanga, na asiyejua hesabu amuulize mwalimu, asimuulize shangazi. Deni la fedha sidaiwi na mtu. Nadaiwa jogoo mwekundu, niliyemkamata uani kwa Methusela siku ya harusi ya binti yake, kwa haki yangu ya utani, nikamla mbele ya macho yake huku akinisindikiza kwa matusi. Jogoo huyo msimlipe. Mtani akilipwa, utani umekufa, na utani ndio urithi ninaowaachia mkubwa kuliko muhogo.

Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani utani ni mchezo tu. Babu zetu wa hapa Mwakidundu na babu zao wa Kwemkole walipigana, wakachomeana nyumba, kisha ikaja njaa ikawapiga wote bila kuuliza nani wa upande gani, wakala mizizi kwenye chungu kimoja, wakaapa kwamba tangu siku hiyo watatukanana kwa midomo ili mikono isipate kazi. Harusi, msiba, jando, hakuna jambo letu lisilo na mtani wa ng'ambo wa kuliharibu, na likikosa wa kuliharibu tunaona kama halijatimia. Na kinachotukutanisha ni lile daraja. Enzi za Mjarumani nilikuwa kijana wa kubeba boriti, bega langu hili la kulia lina kovu lake mpaka leo. Tulilijenga jembamba kwa kuwa Mjarumani alitaka kupitisha punda na mizigo yake, na sisi hakutuuliza. Sasa boriti zimeliwa na mchwa, mbao zimeoza, na Mwanasiti anayevuka kila asubuhi na kapu lake la samaki wa kukaanga anajua ni ubao upi wa kukanyaga na upi wa kuruka kwa bismillahi.

Basi akaja yule bwana wa barabara, katumwa na Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Nasema haki yake, ni mtu mwema, maana alikuja kutuuliza. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti chetu, akanywa dafu mpaka chini, akasema kwa Kiswahili safi kuliko cha Msafiri: "Serikali inataka kujenga daraja jipya, la mawe na chuma. Nimekuja kusikia rai yenu, watu wa kingo zote mbili." Jibu lilikuwa moja tu, ndiyo, ahsante. Lakini wa kwanza kusimama alikuwa nani? Huyo hapo kwenye kigoda. "Bwana," akasema, "usitujengee. Hawa wa Mwakidundu ni wezi wa kuku toka kwa babu yao. Sisi tunalala usingizi kwa sababu daraja ni bovu." Sasa mimi nifanyeje? Mtani akikutukana mbele ya watu nawe ukanyamaza, umejizika. Nikasimama, nikasema sisi nasi hatutaki jipya mpaka hili la zamani lianguke, tena lianguke Methusela akiwa katikati, kambeba mkewe mgongoni. Watu wakashika mbavu. Yule bwana akauliza, ile minazi iliyo ubavuni mwa daraja ni ya nani, kwa sababu barabara mpya haina pa kupita ila hapo. Methusela akajibu kwamba ni ya Uweso, na Uweso hatoi hata kifuu. Nikasema kweli, sitoi, na Methusela akipita chini yake nitamwangushia nazi. Yule bwana alielewa kila neno. Kilichompita ni kicheko.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Jumbe wetu alirudi toka bomani na habari kwamba bwana amewaambia wakubwa zake kuwa watu wa kingo hizi mbili wana uhasama wa kale, mwenye ardhi amekataa, na daraja likijengwa hapa litaleta damu. Afadhali lijengwe chini huko, kwenye shamba la mkonge, penye malori, na hili letu libomolewe lisije likaua mtu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Yaani tutembee toka asubuhi mpaka jua la utosi kumfikia mtu ambaye namsikia akikohoa ng'ambo! Wajukuu zangu watatukanana na nani? Jumbe alimbembeleza sana, naye bwana amekubali kurudi Jumatano kutusikia mara ya mwisho.

Na mama yenu je? Saleha alikuwa binti wa Kwemkole, na neno lake la mwisho lilikuwa azikwe kwao, nami nimfuate zamu yangu ikifika. Msafiri, ulichelewa siku ile kwa kazi za bandarini, hukuona, kwa hiyo nitakusimulia. Mnajua jeneza letu halina mwenyewe, kila mtu anataka thawabu, bega linapokea bega mpaka kaburini. Pale darajani kupokezana kukaisha. Walienea wanne tu, wawili mbele na wawili nyuma, na mimi mumewe nikabaki nyuma naangalia, bega langu halina kazi. Katikati ya mto ubao ukavunjika, mchukuzi wa mbele akazama mpaka pajani, jeneza likainamia maji. Methusela alikuwa ng'ambo kule amelala njiani, kama ilivyo haki yake, anazuia maiti asipite mpaka tumpe kitu. Aliinuka pale, mzee mzima, akaja kwa magoti na viganja juu ya boriti tupu, akajipenyeza chini ya jeneza, akalishika kwa mgongo wake mpaka tukamchomoa mwenzetu. Halafu, akiwa bado chini yake, jasho na machozi yanamtoka, akapiga kelele: "Tuliwapa binti mzima, na leo mnamrudisha tena mnataka kumtosa!" Nilicheka, wanangu. Siku ya kumzika mke wangu nilicheka kwa sauti, na kicheko kile ndicho kilichonivusha. Nampenda mtu huyu. Funga mdomo, Methusela, sikusema nawe.

Sasa Msafiri, inua uso. Ile safu ya minazi ya mtoni ulikwisha kuipangia duka, Mwanasiti kaniambia, na usimkasirikie. Siku ya baraza na bwana wa barabara ulikuwapo, ulisimama nyuma. Utani wetu uliuelewa na yule bwana ulimwelewa, ungeweza kusema neno moja likatosha, ukanyamaza. Kufa kufaana, sikulaumu, kijana mwenye watoto wanaokula huko mjini, Makorora, lazima aifikirie kesho. Lakini sheria imenipa theluthi niiusie nitakako, na mwalimu amekwisha kuhesabu, safu ile haizidi theluthi. Theluthi yangu ni ya daraja. Naitoa wakfu, njia ipite, minazi ikatwe, na asidaiwe mtu hata senti. Nimeipanda kwa mkono wangu na inaniuma, sitawaficha, ule wa mwisho karibu na maji mama yenu aliumwagilia akiwa na mimba yako. Ukatwe. Na duka lako, baba, utalijenga kando ya njia hiyo hiyo, kwenye fungu lako la bondeni, maana duka lisilopitiwa na watu ni ghala la panya. Basi, basi, usilie. Hujanikosea jambo la kuliliwa.

Jumatano msikae kumweleza bwana maana ya utani, mtamtia usingizi. Muonyesheni. Nikiwa hai, nibebeni na kitanda hiki hiki mpaka darajani, nami nitasema kwa mdomo wangu. Nikiwa nimekufa, msinicheleweshe, maana maiti hangoji mkutano. Nizikeni upesi kama tulivyoamrishwa, mnivushe taratibu, ubao kwa ubao, mnilaze kando ya Saleha. Halafu Jumatano chukueni jeneza tupu la msikiti, mliingize darajani mbele ya macho ya bwana, watu wa Mwakidundu na watu wa Kwemkole mjipange kulipokea, na aone mwenyewe mnavyokosa pa kusimama. Methusela alale njiani kama kawaida yake. Bwana akiuliza daraja liwe na upana gani, msimtajie lori. Mwambieni lipite jeneza, na wapokezi kulia, na wapokezi kushoto, na nafasi ya mtani mmoja mnene chini. Lori litajipenyeza lenyewe. Na wa kusema ni wewe, Msafiri, kwa kuwa wewe ndiye uliyenyamaza. Simama mbele, useme, baba yangu ametoa.

Maji kidogo, Mwanasiti. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Wewe binti yangu usiache kuvuka, hata ukiolewa na mtu mwenye baiskeli. Kaburi letu mlitembelee kwa miguu, mkiwa na watoto, na watoto wapite wakitukanana na wa ng'ambo mpaka wachoke. Ninyi ndugu wawili msigombee sufuria. Mgeni akija kuwauliza neno, mpeni kwanza jibu, matusi yafuate baadaye, gari lake likishaondoka. Hilo tumelijua tumechelewa, lakini tumelijua.

Kiti changu... Sikiliza, Msafiri, sauti inanikimbia. Huyu atakapozuia jeneza langu kule ng'ambo, msimpe fedha. Mpeni kiti cha uvivu. Ila msifanye haraka. Mwacheni alale chini kwanza, sana, watu wote wamwone.

Mungu awape afya. Awape riziki isiyowatenga. Kila mmoja wenu siku yake ikifika asikose bega, na siku ya mwenziwe lisimkose bega lake. Mkono wangu uko wapi... wekeni vichwa hapa. Wote. Radhi zangu mnazo, za nyumbani na za njiani.

Methusela. Mbona hutukani? Umenyamaza tangu nilipotaja kiti... Usinililie, mzee mzima, watoto wanaangalia. Tukana, bwana wee. Tukana, nisikie kwamba niko kwetu.