Kisu Kimo Chunguni

Mwishoni mwa Juni hii ya 1957, Bi Kazija binti Mmanga, mkunga wa zahanati ya Uroa, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alizaliwa Bububu, akasomea ukunga mjini, kisha akapelekwa Uroa akiwa msichana mwembamba mwenye mkoba uliomshinda kuubeba.

Siku zile watoto wachanga walikuwa wakifa kwa pepopunda. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, halafu taya zikakaza. Watu walisema amepitiwa na ndege wa usiku. Bi Kazija alijua kwamba maradhi yaliingilia kitovuni, kwani desturi ilitaka kitovu kikatwe kwa kisu cha baba, kile kile cha kupasulia samaki, ili mtoto awe wa kwao.

Mwanzoni alikosea. Alikikataza kisu, akaja na mkasi. Wanawake wakazaa kwa siri, naye akawa anaingia majumbani kutoa pole tu.

Ndipo Mwatima, aliyekwisha kuzika watoto watatu, aliposhikwa na uchungu. Safari hii Bi Kazija aliuacha mkasi mkobani. Aliomba kisu cha mume, akakisugua, akakitia katika chungu cha maji yanayotokota. Bi Sichana, mkunga mkongwe wa kijiji, alicheka sana.

"We mwana wa Bububu, kisu nacho chapikwa?"

"Naam, bibi. Kaa nami tukingoje kiive."

Wakakaa pamoja. Kitovu kikakatwa kwa kisu cha baba na kufungwa kwa kitambaa safi, bila kupakwa masizi wala samli kama ilivyozoeleka. Kisha kila alfajiri Bi Kazija alisimama mlangoni pa Mwatima, akasikiliza kwanza, ndipo akapiga hodi. Kila alfajiri alisikia mtoto akililia ziwa. Siku ya arobaini alipotolewa nje, aliyembeba ni Bi Sichana.

Tangu hapo Bi Kazija alikaribishwa kila nyumba, pamoja na ukali wake. Hata kuku wa Uroa wanajua kwamba chumba cha mzazi hakiingiwi.

Mtoto yule ni Usi, leo mvuvi. Mwezi uliopita alimjia Bi Kazija mbio, akihema, na hakusema kwamba mkewe ana uchungu. Alisema wanavyosema wote Uroa siku hizi: "Bibi, kisu kimo chunguni!" Binti yake ndiye mtoto wa mwisho kupokewa na mikono ile, naye ananyonya vizuri.

Ahsante, Bi Kazija. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, afya njema, na usingizi usiokatizwa na hodi.