Dada Alilisoma Mwenyewe

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

MLEZI: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Mbona namba ngeni? Nimeitazama nikadhani ni wale matapeli wa —

MLEZI: Ya mwenzangu wa kazini. Yangu nimeizima.

DADA: Imeharibika?

MLEZI: Nzima kabisa. Inaita tu. Tangu asubuhi inaita, na wanaopiga siwajui.

DADA: Hebu rudia, mtandao unakwaruza. Wanataka nini?

MLEZI: Mmoja ana mizizi, ananielekeza namna ya kuchemsha. Mwingine kanicheka, akakata.

DADA: Mizizi ya nini tena?

MLEZI: Ya kifafa, dada.

DADA: [kiti kinaburuzwa]

MLEZI: Upo?

DADA: Nipo. Nimekaa chini kwanza.

MLEZI: Ile sauti niliyokutumia juzi, nikiomba. Unaikumbuka?

DADA: Nisiikumbuke vipi? Nimeisikiliza mpaka maneno yamenikaa kichwani. Si ndiyo kawaida yetu, wewe unaomba huko kwako, unanitumia, nami naitikia huku.

MLEZI: Imefika kituoni.

DADA: Kituo gani? Cha polisi?

MLEZI: Cha watoto, dada. Kazini kwangu. Yule mama wa mapacha kaja asubuhi na watoto wake, simu mkononi, na sauti yangu inatoka humo. Nimesimama mlangoni na chupa ya maziwa, najisikia mwenyewe ninavyolia. "Baba, niondolee kifafa hiki kabla hawajajua." Nasikia hadi pale nilipopenga kamasi.

DADA: Jamani. Akakutukana?

MLEZI: Afadhali angenitukana. Pacha mmoja alikuwa begani, upande wangu. Akamhamishia bega la pili. Basi.

DADA: Na mwenye kituo je? Yeye si alijua —

MLEZI: Alijua. Siku naomba kazi nilimweleza kila kitu, tukiwa tumefunga mlango. Karatasi ya daktari kaiona. Na anajua sijaanguka hata mara moja tangu nianze hizi dawa. Hata kuogesha watoto siogeshi, mwenzangu ndiye wa beseni, mimi ni wa uji na kulaza. Tulipanga hivyo ili wawe salama, na wamekuwa salama.

DADA: Basi akutetee.

MLEZI: Kaniita ofisini. Kasema ananiamini, na huruma nilimwona nayo. Ila kina mama wamesikia, na akinibakiza mimi, watoto wataondoka. Vitanda vingine leo havikulaliwa. Kwa hiyo kesho nisije.

DADA: Usije mpaka lini?

MLEZI: Hakusema mpaka lini. Kaniambia nichukue na aproni yangu.

DADA: Ee Mungu wangu.

MLEZI: Dada, nilikutumia wewe peke yako.

DADA: Ndiyo.

MLEZI: Simtuhumu mtu. Nauliza tu. Simu yako nani huishika?

DADA: Hakuna. Naifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Labda wameiba hewani, wanasema siku hizi kuna mitambo —

MLEZI: Nani atahangaika na mitambo aibe maombi ya yaya?

DADA: [kimya]

MLEZI: Dada?

DADA: Unanisikia vizuri? Maana huku inakatika-katika.

MLEZI: Nakusikia.

DADA: Nilipomaliza kuisikiliza niliona neno pale chini, dogo. Nikalisoma mwenyewe, sikumuuliza mtu. Shi-ri-ki.

MLEZI: Shiriki?

DADA: Na neno hilo mwalimu wetu wa kisomo cha jioni kalifundisha vizuri. Kushiriki ni kuwa pamoja na mwenzako katika jambo. Unashiriki msiba, unashiriki ibada. Nikasema, masikini, mdogo wangu anaomba peke yake usiku kucha, acha nishiriki naye. Nikabonyeza.

MLEZI: Halafu?

DADA: Yakatoka majina. Kwaya, darasa la jioni, kina mama wa sokoni, ukoo mzima. Nikaona inaniuliza, unashiriki pamoja na nani? Ombi lilikuwa zito. Sikutaka ukose watu. Nikaweka alama kila mahali.

MLEZI: Kila mahali.

DADA: Kila mahali, mdogo wangu.

MLEZI: Ungenipigia kwanza.

DADA: Nilikuwa na furaha. Neno zima, nimelisoma bila kushikwa mkono. Nilitaka kukuambia Jumapili.

MLEZI: Sikulaumu.

DADA: Nilaumu tu, nitasikia nafuu.

MLEZI: Nikikulaumu itarudi?

DADA: Naifuta. Sasa hivi. Nielekeze pa kubonyeza.

MLEZI: Usibonyeze kitu. Mwenzangu kanieleza. Ukifuta kwako, kwao inabaki, na wao wamekwisha kuwatumia wengine, pamoja na namba yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

DADA: Basi niwaandikie. Siku hizi naweza kuandika. Ndugu zangu wapendwa, tafadhali msisikilize sauti ya mdogo wangu mwenye —

MLEZI: Dada. Usiandike.

DADA: Niseme umepona?

MLEZI: Usiseme.

DADA: Sasa nifanye nini? Nikae tu nimekunja mikono?

MLEZI: Ndiyo. Hivyo hivyo. Kaa tu.

DADA: Mbona kifafa si dhambi? Si ugonjwa kama mwingine? Mwenye aibu ni yule wa mapacha, si wewe.

MLEZI: Sijasema aibu. Hata ningekuwa naomba kwa ajili ya mafua, dada, yale yalikuwa yangu. Nilifunga mlango. Nikaziba na uwazi wa chini kwa nguo, mpangaji mwenzangu asinisikie. Sasa muuza duka ananisikia. Wenye bodaboda wananisikia. Kuna mmoja kaniigiza nikipita, "Baba, Babaa," na sauti kaipatia.

DADA: Achana naye huyo. Mungu anamwona.

MLEZI: Mungu anamwona, na mimi nimemsikia. Leo mchana niliingia stoo, kwenye magodoro, nikapiga magoti. Nikasema "Baba," nikanyamaza. Nikafumbua macho kutazama kama kuna mtu.

DADA: Usiseme hivyo.

MLEZI: Kazi nitatafuta, ingawa mtaa huu sipati, na kokote nitakakokwenda sauti itakuwa imetangulia. Lakini pale pa kulilia, dada? Pale nitapapata wapi?

DADA: Tuombe. Sasa hivi, mimi na wewe.

MLEZI: Omba wewe, nitasikiliza.

DADA: Anza wewe, hata neno moja. Yeye ni msiri. Hajawahi kumtangaza mtu.

MLEZI: Siwezi.

DADA: Kwa ajili yangu. Ili nijue sijakuharibia na hilo.

MLEZI: Baba. Baba, nifiche. Mimi sina tena pa —

[Kikohozi.]

MLEZI: Nani huyo?

DADA: Nani?

MLEZI: Kuna mtu kakohoa.

DADA: Ah, ni wenzangu. Tuko darasani, mwalimu hajafika.

MLEZI: Wananisikia?

DADA: Sikio la simu hii limekufa tangu iloe. Nasikilizia kwenye spika.

MLEZI: Tangu lini?

DADA: Tangu ulipopiga.

MLEZI: [kimya]

DADA: Hakuna anayecheka, mdogo wangu. Wameguswa. Wengine wanafuta machozi hapa. Ni watu wema hawa, wameinamisha vichwa wote, wanakungoja umalizie.

MLEZI: Salio la mwenzangu linaisha.

DADA: Usikate. Malizia tu, halafu —

MLEZI: Haya, dada. Kwaheri. Uwe na —

DADA: Mtandao huu! Amekwenda? Haloo? Haya, tumwitikie simu ingali hewani, jamani, kwa sauti, asikie hayuko peke yake.

SAUTI NYINGI: Amina.